Kiti cha Ngozi Halisi

Ipo nchi ambayo wenyewe hawapendi itajwe, nasi kwa adabu tutaiacha bila jina. Watu wake ni wakarimu, serikali yake haikosei, na mvua hunyesha pale inaporuhusiwa. Katika nchi hiyo aliishi Bi Zamda, mke wa Mzee Machaku, na kisa hiki chaeleza jinsi alivyompoteza mumewe bila mumewe kufa.

Chanzo chake kilikuwa mbali sana na nyumba yao. Mtukufu Mlezi wa Taifa alialikwa chakula ugenini, na baada ya matunda kuliwa mwenyeji wake alimwuliza kwa wema, "Watu wako wanaishi katika nyumba za mtindo gani?" Mtukufu Mlezi hakuwahi kuingia katika nyumba ya mtu wake yeyote. Alijibu kwamba zipo za mitindo yote. Aliporejea nyumbani aliunda Wizara ya Utambuzi wa Nyumba na Samani, ili jibu lake lipate kuwa kweli.

Wizara ilijengewa chuo, na chuo kilikuwa na kitabu kimoja. Kilikuwa zawadi ya yule mwenyeji: kitabu kikubwa chenye picha za rangi za majumba ya watu wa mbali, pamoja na viti vyao, makabati yao na mazulia yao. Wanafunzi walikikariri mpaka wakaweza kukisoma kwa kurudi nyuma. Waliohitimu walipewa kofia ya kijani, nyundo ndogo ya mpira ya kugongea vitu, na sindano ndefu ya kuchomea mbao ili kutafuta dumuzi. Walifundishwa kwamba kila nyumba ina mtindo, kwamba kila kitu kina malighafi yake, na kwamba mwenye nyumba hasikilizwi, kwani mwenye kitu hukisemea uongo kwa sababu ya mapenzi.

Utambuzi ulipofika katika mtaa wa Bi Zamda, ulianza kwa jirani yake, Kaingu. Huyu aliishi katika chumba kimoja cha fito na udongo, paa la makuti. Mtambuzi alilinganisha rangi ya udongo ule na picha zake kwa muda mrefu, hatimaye akaipata katika ukuta wa jumba la mfalme fulani. Akabandika mlangoni: *Kasri. Pembe ya kaskazini.* Kaingu alifurahi, akachinja kuku. Asubuhi walikuja askari kumwuliza ameificha wapi sehemu iliyobaki ya kasri. Alichukuliwa, na mpaka leo anahojiwa. Mkewe aliuchimba ua wote kwa jembe, asije akalaumiwa kwamba hakujaribu.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Bi Mwaka, shoga yake Bi Zamda tangu usichana. Mkeka wake wa ukindu ulitambuliwa kuwa zulia la manyoya.

"Manyoya yako wapi?" aliulizwa.

"Hayajapata kuwapo, baba. Ni mkeka."

"Kwa hiyo umelinyoa."

Alipatikana na hatia ya kunyoa zulia, akaamriwa alirudishie manyoya yake. Kwa kuwa hakuwa na mbuzi wala kondoo, alinyolewa yeye, na nywele zake nyeupe zikashonewa kwenye ukindu kwa uangalifu mkubwa. Afisa aliyeisimamia kazi hiyo alisifiwa redioni.

Bi Zamda aliyaona hayo yote, akaamua kwamba majirani zake walikosea jambo moja: walimpokea mgeni wa serikali katika nyumba isiyopambwa. Yeye asingefanya kosa hilo.

Yafaa ieleweke kwamba katika mji huo kiti kisichofunikwa ni aibu. Mgeni wa heshima anapotarajiwa, mwanamke hutoa sandukuni vitambaa vyeupe vya kufuma, akavitandaza juu ya mgongo wa kila kiti, juu ya mikono yake, juu ya meza, juu ya redio, na hata juu ya mtungi wa maji. Anayemkaribisha mgeni kwenye mbao tupu huhesabiwa kuwa hakulelewa. Tena, ni lazima mwenye nyumba awepo sebuleni. Kumpokea mgeni ukiwa umelala chumbani ni tusi, hata kama wewe ni mgonjwa.

Na Mzee Machaku alikuwa mgonjwa. Alikuwa tarishi wa serikali, mtu aliyebeba majalada kwa miguu kutoka ofisi hadi ofisi mpaka nyayo zake zikawa ngumu kama kwato. Kisha kiharusi kilimwangusha. Mwili ulinyamaza, ulimi ukanyamaza, yakabaki macho, ambayo yalimfuata Bi Zamda kila alikokwenda humo ndani.

Basi siku ya utambuzi Bi Zamda alimnyanyua mumewe kutoka kwenye kitanda cha kamba, akamketisha katika kiti chao kizuri, kile chenye mikono. Kwa kuwa Mzee hakuweza kujishikilia, alimfunga kifuani kwa kanga, mgongo wake ukashikamana na mgongo wa kiti. Fundo lilionekana vibaya, kwa hiyo alilifunika kwa kitambaa kikubwa kilichotoka mabegani hadi mapajani. Mikono ya Mzee aliilaza juu ya mikono ya kiti, akaifunika kwa vitambaa viwili vidogo. Kimoja cha duara alikiweka kisogoni, kama ilivyo desturi ya makochi.

Bi Mwaka, ambaye siku hizo hakukosa kilemba, alichungulia mlangoni.

"Shoga, umempamba mume kama meza ya harusi."

"Afadhali iwe hivyo. Wajue wameingia kwa watu."

"Naye mwenyewe anasemaje?"

"Ananitazama tu."

"Basi karidhika. Wangu akiwa hai hata kunitazama hakunitazama."

Mtambuzi aliyekuja aliitwa Kilemile. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye sauti ya chini, na alivua viatu kabla ya kuingia, jambo lililompa Bi Zamda matumaini. Aligonga ukuta, akagonga meza, akagonga mtungi. Kisha alisimama mbele ya Mzee Machaku kwa muda, kofia mkononi.

"Hiki," alisema polepole, "sikutarajia kukiona mtaani."

Akagonga ugoko wa Mzee kwa nyundo. "Miguu ya mbele, mfupa." Akalifinya shavu kwa vidole viwili, akalinyoosha, akaliachia. "Ngozi. Ngozi halisi, mama, si ya kuigiza. Imezeeka vizuri sana." Akapitisha kidole ndani ya sikio. "Usumba wa kujazia kidogo kwenye mashimo. Mgongo umechongwa kwa umbo la binadamu, na fundi amejitahidi, ingawa mdomo ameukosea."

"Bwana Mtambuzi," alisema Bi Zamda, "huyo ni mume wangu."

Kilemile alimtazama kwa huruma. "Mama, kila mtu anapenda vyombo vyake. Juzi kuna mzee alilikumbatia kabati akaliita mama yake. Tulilichukua hivyo hivyo."

"Mwangalie macho, mwanangu. Anakuona."

"Vioo. Kazi nzuri ya vioo." Akatoa sindano ndefu, akaizamisha taratibu katika paja. Mzee Machaku aliguna kutoka ndani kabisa ya kifua. Kilemile akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unasikia? Kinalia. Kiti kibaya huwa kimya. Na hakina dumuzi hata mmoja. Hongera kwa utunzaji."

"Itoe hiyo sindano."

"Nimekwisha kuitoa."

Bi Zamda alianza kulifungua lile fundo la kanga kwa haraka, akitaka kumtenganisha mumewe na kiti, lakini mkono wa Kilemile ulimzuia, kwa upole kama alivyofanya mambo yote. Kuvunja samani iliyokwisha kutambuliwa kulikuwa uhujumu. Kisha akalamba kibandiko, akakipachika katika paji la uso la Mzee: *Kiti cha mapumziko. Mtindo wa kale. Ngozi halisi. Mali ya Taifa.*

Lori lilikuja kabla ya uji wa mchana. Serikali hiyo haichukui kitu cha mtu bila fidia, hivyo mahali pa Mzee Machaku pakawekwa kiti cha plastiki cha rangi ya buluu.

Jioni Bi Mwaka alikuja, akakitazama kile kiti. "Angalau hiki hakikoromi," alisema. Bi Zamda alicheka, na akaendelea kucheka mpaka Bi Mwaka akaingiwa na hofu, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Kile kiti cha ngozi kilikuwa na bahati katika mji mkuu. Kiliwekwa katika Jumba la Samani za Taifa, juu ya jukwaa, nyuma ya kamba nyekundu, na wanafunzi wa chuo wakaletwa kukichora. Kilemile alipandishwa cheo kwa ugunduzi wake, akawa Mtunza Mkuu wa Jumba.

Bi Zamda alihamia mji huo, akapanga kwenye kibaraza cha binamu yake, na kila siku Jumba lilipofunguliwa alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikuta mumewe amepakwa nta. Alikuta pia midomo imepasuka, na macho yamezama, kwa sababu samani hazilishwi. Alitoa kikombe cha uji chini ya kanga, lakini mlinzi akamwonyesha tangazo lililokataza vyakula karibu na vitu vya maonyesho.

Akaenda ofisini kwa Kilemile. Njiani alikuwa amepanga kulia na kumpigia magoti. Alipofika mbele ya meza na kuiona ile sura tulivu, alitambua kwamba machozi hayangeingia mahali popote, akasema jambo lingine.

"Bwana Mtunza, nimekuja juu ya ile ngozi. Inapasuka."

Kilemile aliinua kichwa. "Nami nimeona. Tumeipaka nta ya viatu."

"Nta haitoshi. Ngozi ya namna ile hutunzwa kwa uji."

"Upakwe?"

"Utiwe ndani. Pana upenyo pale juu, kwenye kichwa cha mgongo."

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Kitabu kimeandikwa nchi za baridi, Bwana Mtunza. Huku kwetu kuna jua."

Kilemile alifikiri, akaona kwamba hoja hiyo ilikuwa ya kisayansi. Bi Zamda akaruhusiwa kuitunza ngozi mara mbili kwa siku. Alipita chini ya kamba nyekundu, akamtilia mumewe uji kijiko kwa kijiko, akamfuta kidevu. "Baba Kibibi," alimnong'oneza, "nimekuita kiti. Nisamehe. Kunywa." Macho yakamtazama, na Mzee akameza.

Ni Kilemile huyo huyo aliyemweleza, bila kuombwa, kuhusu rufaa. Kitu kilichotambuliwa kimakosa kinaweza kutambuliwa upya, alisema, ikiwa mbele ya Waziri kitafanya jambo lisilofanywa na samani yoyote iliyomo kitabuni. Hakuna kitu kilichopata kufaulu, lakini mlango uko wazi, kwani serikali si katili.

Kuanzia hapo, kila alipomtilia uji, Bi Zamda alichukua mkono wa kushoto wa mumewe akaukanda, kidole kimoja kimoja, mpaka kwapani. "Baba Kibibi, umetembea nchi nzima kwa ajili ya karatasi zao. Sasa nisogezee kidole tu kwa ajili yangu." Majuma yalipita, kidole kikiwa kama mti. Kisha asubuhi moja kilijikunja. Siku nyingine vikajikunja vyote, vikamshika kanga, na Bi Zamda akalazimika kuvifungua kwa nguvu kabla wanafunzi wenye penseli hawajafika. Ulimi nao ulianza kutafuta herufi ya kwanza ya jina lake. Aliporudi kibarazani kwa binamu yake aliimba, jambo ambalo hakuna aliyemsikia akilifanya tangu Mzee augue.

Akakata rufaa.

Siku ya baraza Mzee Machaku alibebwa na watu wanne hadi ukumbini, akiwa angali amefungwa kwa ile kanga, sasa imefifia. Ukumbi ulijaa. Waziri wa Utambuzi, Mheshimiwa Fumbwe, aliingia akitanguliwa na kitabu, kilichobebwa juu ya mto. Alianza kwa hotuba, kama ilivyostahili.

"Ndugu wenye nyumba, nanyi mtakaotambuliwa kuwa nazo. Kabla ya utambuzi, nchi hii ilikuwa imejaa vibanda. Leo haina hata kibanda kimoja. Tuna makasri ambayo hayajakamilika, na kutokukamilika ni dalili kwamba maendeleo yanaendelea. Wako wanaosema kwamba tunawasumbua wananchi. Nawauliza: mwananchi ni nani, kabla hatujamjua ameketi juu ya nini?"

Makofi yalipigwa. Waziri akaketi, akamwita mrufani.

"Mama, unadai kwamba kiti hiki ni mtu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hilo ni dai zito. Mimi mwenyewe nimekuwa na viti vingi. Haya, kifanye."

Bi Zamda alisogea mbele ya mumewe, akasimama pale ambapo macho yake yangemwona vizuri. Mkono wa kushoto wa Mzee Machaku ulitetemeka juu ya mkono wa kiti, ukainuka. Kile kitambaa kidogo kikateleza kikaanguka, na mkono ukaendelea kuinuka mpaka ukafika usawa wa kifua, vidole vimenyooshwa kuelekea kwa mkewe. Mdomo uliopinda ukafunguka. "Za," alisema Mzee. "Zam. Da."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti, akatolewa nje.

Waziri aliwaashiria wasaidizi wake, nao wakafungua kitabu. Walikipekua pamoja kwa muda, wakinong'onezana, vidole juu ya picha.

"Kutikisika," Waziri alisema hatimaye, "hufanywa na kiti cha kubembea. Kiko hapa, kwa rangi. Kusema hufanywa na saa ya ukutani, ambayo hutoa ndege kila saa, ndege akasema. Hakuna jambo jipya lililofanyika. Rufaa imekataliwa."

Bi Zamda alibaki amesimama. Alidhani yamekwisha, na katika nchi hiyo mtu hudhani hivyo kwa kosa.

"Lakini," aliendelea Waziri, akiwa amekunja uso juu ya ukurasa, "hiki hakikutambuliwa kuwa kiti cha kubembea. Kilitambuliwa kuwa kiti cha mapumziko. Kiti cha mapumziko kinachotikisika chenyewe ni kibovu. Bwana Mtunza, samani mbovu hupelekwa wapi?"

"Tanurini, Mheshimiwa," alijibu Kilemile kwa masikitiko ya kweli, kwani alikipenda. "Huwa tunapasha maji ya kuoga ya chuo."

"Leo hii?"

"Tanuri limekwisha kuwashwa, Mheshimiwa."

Watu wanne waliombeba walikwisha kuinama kushika miguu. Mkono wa Mzee ulikuwa ungali hewani, ukimngoja mkewe aushike.

"Ila sheria ni sheria," Waziri alisema. "Ubovu unahitaji shahidi, na shahidi ni lazima awe yule anayekijua kitu kuliko wote. Mama, umekaa na kiti hiki miaka mingi. Umekiona kikitikisika?"

Bi Zamda alimtazama Waziri, kisha akawatazama wale watu wanne, ambao mmoja wao alikuwa anapiga miayo. Mwisho alimtazama mumewe. Macho ya Mzee yalikuwa yanang'aa kwa furaha ya mtu aliyefanikiwa kazi ngumu, anayesubiri kusifiwa.

"La, Mheshimiwa," alisema. "Sikuona."

"Sauti iliyosikika?"

"Ni mbao. Huwa zinalia zikibadilishiwa hewa."

"Unaapa kwamba ni kiti kizima?"

"Naapa."

"Sema, tusikie wote."

"Hiki ni kiti," alisema Bi Zamda, na kila mtu ukumbini alimsikia, pamoja na yule aliyesemewa. "Ni kiti kizuri. Hakijapata kutikisika, na hakitatikisika kamwe."

Mzee Machaku alimtazama. Polepole, kwa jitihada kubwa kuliko ile ya kuuinua, aliushusha mkono wake, akaulaza mahali pake. Alifumba mdomo. Inzi alitua juu ya kope lake, akatembea mpaka katikati ya jicho, nalo jicho halikupepesa.

"Kizima," alisema Waziri. "Kirudishwe."

Ushahidi ule ulimletea Bi Zamda heshima. Kilemile, ambaye hakuwahi kusikia mwenye kitu akikisemea kweli kinyume cha mapenzi yake, alimpa kazi ya kudumu katika Jumba la Samani za Taifa, pamoja na vazi la kijani na kitambaa laini cha kufutia vumbi. Kazi ilikuwa na sharti moja tu, kwamba vitu visisemezwe, maana kuvisemeza kulikuwa kunawachanganya wageni. Alitia uji asubuhi, akatia jioni, akafuta. Hakuukanda tena ule mkono. Alijaribu mara moja, hakukuwa na mtu, na vidole vilikataa. Vililala mkononi mwake vikiwa vimenyooka, baridi, kama vilivyoapiwa.

Siku moja Kilemile alipita na wageni, akamkuta amesimama mbele ya kiti, anafuta mahali pamoja kwa muda mrefu. Alikichukua kitambaa mkononi mwake, akakipapasa, akakikuta kimelowa. Akainama kuuchunguza uso wa Mzee, akagusa shavu kwa ncha ya kidole, akainusa ncha hiyo.

"Unyevu," alisema. "Ngozi inatoa maji. Haikukaushwa vyema tangu mwanzo."

"Ndiyo, Bwana Mtunza."

"Tukiiacha hivi itaoza. Tuitoe uani, ikaushwe na jua la mchana mpaka iache." Akazunguka nyuma, akakishika kiti kwa mgongo. "Mimi nina huku, mama. Wewe shika miguu ya mbele."

Bi Zamda alikitia kitambaa mfukoni, akainama, akaishika miguu ya mbele.